Mtoto mchanga kuambiwa ana maambukizi kwenye damu: wadudu wanatoka kwa mama, kitovuni au wodini?

#1 Baba Nasra
Wakuu salaam. Nina swali limenikaa kooni wiki ya tatu sasa.

Mke wangu chupa ilipasuka Ijumaa usiku, tukafika hospitali alfajiri. Njia haikufunguka upesi, akajifungua Jumapili saa nne asubuhi. Mtoto wa kike, kilo 2.9, alilia vizuri. Jumatatu jioni akaacha kunyonya. Akiwekwa titi anageuza shingo na kusinzia. Nikamshika nyayo, baridi kama maji ya mtungini. Wakatafuta mshipa mkononi, ukakataa, wakahamia kichwani, akapigwa antibaiotiki, ampisilini na jentamaisini, siku kumi. Ameshapona, ananyonya mpaka anatoka jasho.

Karatasi ya kuruhusiwa imeandikwa "maambukizi ya bakteria kwenye damu". Basi. Nilipouliza yametoka wapi, nesi akajibu "huenda kwa mama". Neno hilo limemfikia mama yangu mzazi na nyumbani sasa hakukaliki: eti mke wangu alikuwa na UTI akaificha, ndiyo kamuambukiza mtoto. Mke wangu ananyonyesha usiku huku analia.

Naomba wenye ujuzi mniambie, hawa wadudu wanatoka wapi hasa? Na kuna namna ya kujua baada ya mtoto kupona?

#2 Mama Wawili
Pole baba, na hongera kwa binti. Wangu wa kwanza ilimkuta siku ya tisa. Kitovu kilikuwa kinatoa majimaji yenye harufu na ngozi ya pembeni imekuwa nyekundu. Kumbe bibi yake alikuwa anapaka jivu na mafuta ya nazi nikiwa nimelala. Mimi nasema kitovu. Nyie mlikuwa mnapaka nini?

#3 Baba Nasra
Hatukupaka chochote. Kliniki walisema kiachwe kikavu na tukakiacha.

#4 Mkunga wa Zamani
Mwanangu, nimekaa leba miaka 27 kabla ya kustaafu. Hebu hesabu mwenyewe: Ijumaa usiku mpaka Jumapili saa nne asubuhi ni zaidi ya saa 30. Sisi tukiona chupa imepasuka na saa 18 zimepita mama hajajifungua, tunamhesabu yuko hatarini na anatakiwa apewe antibaiotiki kwenye mshipa. Chupa ikiwa nzima, mtoto yuko ndani ya mlango uliofungwa. Ikishapasuka mlango uko wazi, na kila kidole kinachoingia kupima njia kinasogeza wadudu juu.

Kwa hiyo nakuuliza mambo mawili: alipewa dawa? Na alipimwa njia mara ngapi?

Kuhusu mke wako na mama yako, mwambie hivi mama yako. Hao wadudu kila mwanamke anao, kwenye utumbo na kwenye njia ya uzazi. Yeye anao, mimi ninao. Kuwa nao si ugonjwa, na hakuna cha kuficha hapo.

#5 Baba Nasra
Shikamoo mama. Kupimwa njia alipimwa na watu wanne au watano, kukiwa na wanafunzi. Dawa, anakumbuka sindano moja tu Jumamosi asubuhi, haikujulikana ya nini.

#6 Msema Kweli
Mnazunguka mbuyu. Ni UTI. Wajawazito wa siku hizi wanapewa dawa za UTI wanameza mbili, zilizobaki zinawekwa juu ya kabati. Mke wangu kila kliniki anaambiwa UTI. Mtoto akiugua mnatafuta mchawi.

#7 Mtu wa Maabara
Msema Kweli, taratibu. Nafanya kazi hii na hilo la "kila kliniki UTI" linaniuma. Mara nyingi mkojo umetolewa bila mama kuelekezwa ajisafishe na akinge ule wa katikati. Kijikaratasi kikigeuka rangi kidogo, au zikionekana seli chache za usaha kwenye darubini, anaandikiwa dawa. Kipimo cha kuaminika ni kuotesha mkojo, na majibu yake yanachukua siku mbili hivi. Wengi wanaopewa dawa hawajawahi kuoteshewa.

Lakini upande mwingine una haki pia. Mjamzito anaweza kuwa na bakteria kwenye mkojo bila maumivu yoyote. Wakiachwa wanaweza kupanda mpaka kwenye figo, na hapo homa na uchungu wa mapema vinaweza kufuata. Kwa hiyo UTI ya kweli kwa mjamzito ni jambo la kutibiwa. Ila kuitaja kama kosa la mama, bila kipimo, baada ya saa 30 za chupa kupasuka, hapana.

#8 Kilifi Yetu
Hamjambo kutoka pwani ya Kenya. Hapa kwetu Kilifi watafiti wa KEMRI (taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya) na Wellcome walilifuatilia jambo hili. Matokeo yalitoka 2016: akina mama 7,967 walichukuliwa sampuli walipokuja kujifungua, na 934 wakapatikana na bakteria aitwaye streptokokasi kundi B. Hiyo ni kama asilimia 12. Wengi wao watoto wao walizaliwa salama. Ila wachache wanaoambukizwa, ugonjwa huja kwa kasi, aghlabu ndani ya siku moja au mbili za kwanza. Walichunguza pia waliozaliwa wafu, wakakuta baadhi walikufa na bakteria huyohuyo kabla hata uchungu haujaisha.

Baba Nasra, mtoto wako kuugua Jumatatu jioni, hata siku mbili hazijatimia, kunanifanya nimfikirie huyo kwanza.

#9 Dada wa Houston
Nimejifungulia huku Marekani mara mbili. Wiki ya 36 wanakuchukua sampuli kwa pamba, mbele na nyuma. Mimba ya kwanza niliambiwa ninaye, kwa hiyo nilipofika na uchungu dripu ya penisilini ikatangulia. Wanataka ipite angalau saa nne kabla hujajifungua. Mimba ya pili sikuwa naye. Mwili uleule, majibu tofauti. Wifi yangu angekuwepo angesema nimejitibu kwa siri.

Kabla ya utaratibu huu, mwanzoni mwa miaka ya 1990, karibu watoto wawili katika kila 1,000 waliugua wiki ya kwanza. Sasa hawafiki mmoja.

#10 Msema Kweli
Dada wa Houston, basi kwa nini huku kwetu hawapimi? Pamba tu!

#11 Mtu wa Maabara
Pamba ni rahisi, kinachofuata ndicho kigumu. Sampuli ioteshwe, jibu limfuate mama hata akienda kujifungulia mkoa mwingine, na afike mapema apate dripu saa nne kabla. Wangapi wanafika leba njia tayari imefunguka sentimita nane? Na Uingereza nao hawapimi kila mjamzito, wanaangalia dalili za hatari kama alizotaja Mkunga. Ndiyo maana watu wanasubiri chanjo ya mama. Zipo zinazojaribiwa, na Afrika Kusini wamo kwenye majaribio. Shirika la Afya Duniani lilikadiria 2021 kwamba bakteria huyu peke yake anahusika na vifo karibu 100,000 vya watoto wachanga kwa mwaka, na karibu 50,000 waliozaliwa wafu.

#12 Daktari wa Mifugo
Nimepita nikaona jina la rafiki yangu. Huyo bakteria sisi tunamjua kwenye viwele vya ng'ombe. Jina lake la kisayansi, agalaktie, maana yake "kukosa maziwa", kwa sababu kiwele kikivimba maziwa yanakatika. Na ngamia wa Kenya na Somalia wanaye: majipu, viwele, vidonda.

#13 Mama Wawili
Daktari wa Mifugo, kila uzi lazima ngamia wako apite 😂 Juzi alikuwa kwenye uzi wa mikopo.

#14 Mwalimu wa Historia
Mkunga kanikumbusha kisa cha Vienna, 1847. Hospitali moja, wodi mbili za uzazi. Moja ya wakunga, nyingine ya madaktari na wanafunzi wao waliotoka kupasua maiti na kuingia moja kwa moja kupima akina mama. Wodi ya madaktari ndiyo iliyokuwa inaua. Semmelweis akaamuru wanawe mikono kwa maji ya klorini. Aprili mwaka huo vifo vilikuwa asilimia 18, Juni vikashuka mpaka kama 2. Wenzake wakampinga. Wanafunzi waliompima mke wa Baba Nasra walinawa? Swali lenyewe ni hilo.

#15 Mkunga wa Zamani
Kisa ni cha kweli, mwalimu, ila usichanganye. Ile ya Vienna ilikuwa homa ya uzazi, inaua mama, na streptokokasi anayehusishwa nayo sana ni wa kundi A. Huyu wa Kilifi ni kundi B. Ndugu, lakini tabia mbalimbali. Kunawa mikono nakubaliana nawe mia kwa mia.

#16 Mzaliwa wa Wete
Kuhusu kitovu, kwetu Pemba tumekuwa darasa la dunia. Nepal walipaka kitovu dawa ya klorheksidini, vifo vikapungua. Ikaonekana ndiyo jawabu. Ukaja utafiti Pemba kuanzia 2011, watoto zaidi ya 36,000, wengine klorheksidini, wengine kitovu kikavu. Matokeo yakatoka 2016: tofauti ya vifo haikuwa ya kutegemea. Zambia nao wakapata vivyo hivyo. Shangazi yangu alikuwa akipita nyumba kwa nyumba na vichupa vile, alihuzunika kweli.

#17 Mama Wawili
Kwa hiyo unasema wangu hakuugua kwa kitovu? Nilikiona kwa macho yangu, kilinuka!

#18 Mzaliwa wa Wete
La, sijasema hivyo. Wako huenda ilikuwa kitovu, jivu si kitu cha kupaka pale. Nasema kuosha kitovu kwa dawa si lazima kuokoe wengi mahali ambapo wengi wanauawa na mengine.

#19 Msukuma Asilia
Hakuna aliyetaja kaswende? Nayo ni bakteria. Mwanza walifanya utafiti kwa wajawazito ambao hawakuwa wamepimwa. Matokeo ya 2002 yalionyesha wenye kaswende kali, robo yao walizaa wafu. Wasio nayo ilikuwa kama asilimia moja. Na dawa yake ni sindano moja ya penisilini ya makalioni, ya bei ya chini. Wanaume wenzangu, mkiitwa kliniki nendeni mkapimwe, mkitibiwa mmoja mnarudishiana.

#20 Mtu wa Maabara
Hoja nzito, ila kwa mtoto wa Baba Nasra, aliyezaliwa kilo 2.9 akalia vizuri na kupona kwa ampisilini na jentamaisini, siiweki mbele.

Mimi niseme ambalo hamtaki kulisikia: wodi yenyewe. Muhimbili 2001 na 2002 waliotesha damu za watoto 1,828 waliolazwa, umri sifuri mpaka miaka saba. Waliothibitika kuwa na bakteria kwenye damu walikufa asilimia 34.9. Wenye malaria, asilimia 20.2. Tulikuwa tunaogopa malaria peke yake.

Tangu hapo wamefuata wengine. Utafiti mmoja wa 2018 mpaka 2020 ulichukua watoto wachanga 3,200 na ushee katika hospitali 19 za nchi 11, Kenya na Uganda zikiwemo. Aliyeongoza si huyu wa kundi B. Ni Klebsiela. Huyo kwa asili yake ampisilini haimgusi, na jentamaisini wengi wao wameshaizoea. Anapenda sinki, mipira ya kulishia, mashine ya joto, na chupa ya dripu iliyofunguliwa asubuhi ikachotewa watoto sita.

#21 Nesi wa Zamu
Nimekuwa nasoma kimya ila hapa siwezi kupita. Usiku wa jana tulikuwa wawili, watoto 31, kitanda kimoja watoto watatu. Maji yalikatika saa tano. Tunanawa kwa spiriti ya mikono mpaka vidole vinapasuka, na chupa ikiisha stoo imefungwa mpaka Jumatatu. Nikimaliza kumgusa wa kwanza, wa pili anakata pumzi. Unataka nikimbilie sinki lisilo na maji au nimkandamize kifua? Tusipige picha ya nesi mchafu.

#22 Mtu wa Maabara
Dada, nimekuelewa, na sikumaanisha wewe. Nimeona spiriti ikiisha mimi mwenyewe.

#23 Kijana wa Mbagala
Samahani naingilia. Mtoto wangu ana siku 5. Tangu mchana hajanyonya, analala tu, na anapumua harakaharaka. Duka la dawa wamenipa amoksilini ya maji. Nisubiri asubuhi? Saa hizi ni saa nne usiku.

#24 Mkunga wa Zamani
Usisubiri. Nenda sasa hivi hospitali. Mama yake ambebe kifuani, ngozi kwa ngozi, kichwa kifunikwe kofia. Chukua hiyo chupa ya dawa uwaonyeshe.

#25 Nesi wa Zamu
Ukifika usikae foleni ya mapokezi. Sema kwa sauti "mtoto wa siku tano hanyonyi". Mtoto mchanga asiyenyonya haihitaji homa, hata akiwa wa baridi ni dharura.

#26 Mtu wa Maabara
Na waombe wachukue damu ya kuotesha kabla ya dawa kuingia, kama wana chupa zake. Ila dawa isicheleweshwe kwa ajili hiyo.

#27 Kijana wa Mbagala
Tumepata bodaboda.

#28 Mama Wawili
Mungu awatangulie. Tujulishe.

#29 Furaha wa Bukavu
Nawaombea pia. Mimi naongeza moja. Congo na Kenya tulikuwa kwenye utafiti wa nchi saba, ulitoka 2023. Akina mama zaidi ya 29,000 walipewa antibaiotiki ya azithromaisini gramu mbili wakiwa kwenye uchungu, wengine wakapewa dawa isiyo na kitu. Kwa mama ilisaidia, walioshikwa na maambukizi makali au kufa walipungua kutoka asilimia 2.4 hadi 1.6. Kwa mtoto, hakuna kilichobadilika. Sasa kama wadudu wote wanatoka kwa mama, kwa nini kumtibu mama hakukumkinga mtoto?

#30 Kilifi Yetu
Swali zuri mno. Labda kwa sababu wengi wanawapata baadaye. Au dawa hiyo haiwamalizi akina Klebsiela.

#31 Mkunga wa Zamani
Au kwa sababu kidonge kilimezwa njia imeshafunguka. Mimi bado nashika saa 30.

#32 Nesi wa Zamu
Kwa njiti, waliozaliwa kabla ya wakati, ninaloliona kwa macho ni kangaruu. Muhimbili ilikuwa moja ya hospitali tano za ule utafiti wa 2021: watoto wa kilo moja mpaka 1.8 hivi waliwekwa kifuani kwa mama mara tu walipozaliwa, bila kusubiri watulie kwenye mashine. Vifo vilipungua kwa robo, na hata walioshukiwa maambukizi walipungua. Njiti hajapata kinga ya kutosha kutoka kwa mama, ile inapita kwa wingi miezi ya mwisho. Akikaa kifuani anapata wadudu wa mama yake, hapati wa kwangu wala wa jirani.

#33 Msema Kweli
Hapo umenifungua macho. Wadudu wa mama ndio wanamkinga, tena ndio tuliosema wamemwambukiza?

#34 Mkunga wa Zamani
Mwanangu, uliyesema ni wewe. Pita bandiko la sita.

#35 Msema Kweli
Nimepita, mama. Naondoa neno. Nimemuomba radhi mke wangu pia kwa habari ya kabati.

#36 Kijana wa Mbagala
Habari zenu. Ni siku ya sita tangu niandike. Yuko hai, jana jioni alinyonya kwa mara ya kwanza, sekunde chache tu lakini alivuta. Damu waliichukua ikaoteshwa, majibu yametoka juzi: Klebsiela. Ampisilini hapana, jentamaisini hapana, amikasini ndiyo. Wamembadilishia. Asanteni sana, bila nyie ningelala.

#37 Mtu wa Maabara
Alhamdulillah. Naomba kuuliza, alizaliwa hospitali gani? Usitaje jina, sema kubwa au ndogo.

#38 Kijana wa Mbagala
Hakuzaliwa hospitali. Mvua ilikuwa kubwa, daladala hakuna, alizaliwa chumbani kwetu kwa msaada wa mama mmoja wa mtaani. Kitovu kilifungwa kwa uzi na kukatwa kwa wembe mpya. Kituo cha afya tulimpeleka siku ya pili kwa chanjo, tukakaa kwenye benchi kama saa moja.

#39 Kilifi Yetu
Loh. Sasa mdudu wa wodini amefikaje chumbani Mbagala?

#40 Mtu wa Maabara
Anaishi kwenye utumbo wa watu pia, wazima kabisa. Lakini kusikia jentamaisini imekataa kunanifanya niitazame lile benchi. Mama alilazwa mahali wakati wa mimba?

#41 Mkunga wa Zamani
Benchi halimwambukizi mtoto damu. Mimi nauliza mikono ya huyo mama wa mtaani, na uzi ulitoka wapi. Wembe mpya si tatizo. Zamani tulikuwa tunaogopa pepopunda, mtoto anakakamaa kama ubao. Chanjo ya mama imeiondoa mbele yetu, watu wakadhani uzi wowote unafaa.

#42 Kijana wa Mbagala
Uzi ulikuwa wa kushonea, ulikuwa kwenye kopo la sindano. Mke wangu hakulazwa, ila mdogo wake tunayeishi naye alitoka kujifungua kwa upasuaji mwezi uliopita, alikaa wodini siku nane. Tunatumia beseni moja.

#43 Nesi wa Zamu
Beseni 🤔

#44 Mzaliwa wa Wete
Au kitovu.

#45 Baba Nasra
Nimerudi. Jumamosi nilimsomea mama yangu bandiko namba nne, neno kwa neno, pale pa "yeye anao, mimi ninao". Hakusema kitu. Jioni akamchukua Nasra akamuogesha mwenyewe, akamwambia mke wangu akalale. Alilala mpaka saa tatu usiku.

Damu ya Nasra haikuoteshwa, nimeuliza, chupa hazikuwepo wiki ile. Kwa hiyo jina la mdudu sitalipata. Kinachonisumbua sasa ni ile sindano moja ya Jumamosi asubuhi.

#46 Mkunga wa Zamani
Omba faili la mama yake, si la mtoto. Dawa zote za leba zinaandikwa humo na saa yake. Ikiwa iliandikwa kila baada ya saa sita akapewa moja tu, utaona nafasi tupu.

#47 Baba Nasra
Naenda Alhamisi, mama.